Mtu wa Ijumaa

Karani wetu wa nakala, pale kwenye ushirika wa pareto Iringa, kazi yake ilikuwa kunakili kwa kaboni vitabu vya mizani ya wakulima na kuzificha nakala kwenye kabati la ghala letu la Mlandege, ili vitabu vikiharibika tusilie. Kila Ijumaa saa nne alipuliza miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akampelekea meneja ripoti kwa mikono miwili kama anampelekea mkwe chakula: "Nakala zimekaguliwa. Ni kavu. Panya hakuna." Hata wiki aliyolazwa kwa homa, mkewe aliileta saa nne ileile. Bwana Jailos, meneja, alizisoma ripoti hizo kwa sauti mbele ya wageni wa Mbeya, halafu akatutazama sisi wengine.

Masika yale, Jumatano moja, paa la ofisi likavuja, vitabu vikawa uji. Siku hiyohiyo meneja akamjia karani mezani. "Ndugu, nakala ziko salama?"

Karani akavuta droo bila haraka, akampa ripoti. Meneja akaisoma mara mbili. "Mbona hii ni ya keshokutwa?"

"Mimi sipendi kuchelewa, mzee."

Tukaandamana hadi Mlandege. Alifungua kabati kwa madaha huku akipiga mluzi. Ndani kulikuwa kukavu kweli, na panya hakuna. Nakala za mizani nazo hakuna. Zilikuwamo nakala za ripoti zake tu, zimepangwa vizuri, za kila Ijumaa mpaka Desemba.

"Kaboni ilikuwa haba, mzee," akasema, akipuliza miwani. "Nikaona tutunze zile mnazosoma."