Bafle ya Spika Moja

Mke wangu alinipa mgongo jikoni, anachambua sombe, yale majani ya muhogo, akasema, "Papa, nikijaribu tena na sauti isitoke, mimi natoka kwenye kwaya. Nitakaa kule nyuma na wageni."

Hakulia. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mimi nilijibu kitu, sikumbuki nini, labda kitu cha kijinga.

Alikuwa amepasuliwa rovu shingoni. Waliompasua walimrudisha mzima, na kwa hilo sina neno baya la kusema juu ya mtu yeyote. Daktari alieleza kwamba sauti inaweza kurudi polepole, asiilazimishe. Ilirudi ya kuongea. Ya kuimba ikabaki ndogo, na huku juu ikawa na mikwaruzo. Alisimama mstari wa pili, anafungua mdomo na wenzake, na mimi peke yangu nilijua hakitoki kitu.

Kwetu Wakongomani mama anayeongoza wimbo ndiye anayeita sebene, ile sehemu ambapo maneno yanaachwa, gitaa linaongoza na watu wanacheza. Mpiga gitaa hajianzishii. Anangoja aitwe. Mimi miaka yote niliitwa na mke wangu. Baadaye aliita mama mwingine, na aliita vizuri, siwezi kusema uongo, ila vidole vyangu vilikuwa vinachelewa.

Basi ikatokea kwamba amplifaya ya kanisa, ile kuukuu, iliungua katikati ya mazoezi. Nikabaki na priamp yangu tu. Priamp ni kiboksi cha kukanyaga kwa mguu: kinatengeneza sauti ya gitaa na kuipa utamu, lakini hakina nguvu ya kusukuma spika. Mimi ni fundi cherehani, kwangu kilikuwa kama cherehani isiyo na mota. Kamati ya kwaya ikaniambia nichague amplifaya ya nguvu na bafle, ndivyo tunavyoita boksi la spika. Niliona ni heshima, halafu nikaogopa. Shule niliiacha mapema, na yale maandishi madogo nyuma ya mashine hunifanya nijione mtoto.

Tulienda duka moja la vyombo vya muziki huko Randburg, mimi, mke wangu, na mpiga kinanda wetu ambaye ana baki, gari dogo la mizigo. Muuzaji alikuwa Mzungu mtu mzima, nywele amezifunga nyuma. Nilichomeka priamp yangu mbele ya amplifaya aliyonionyesha, nikapiga. Ikatoka sauti kama uji. Nilitaka kulaumu mashine. Yeye akachomoa waya taratibu, akauhamishia tundu la nyuma, akaeleza kwamba pale mbele mna priamp nyingine ndani, kwa hiyo nilikuwa nimeweka sukari mara mbili. Hakunicheka. Mpiga kinanda alicheka.

Tukajaribu amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za mashine za zamani. Kila mpiga gitaa ninayemfahamu anasifu valvu, na kweli ilikuwa na joto lake. Lakini nikiipandisha, noti za sebene zilianza kushikana. Sebene inataka kila noti isimame peke yake, kama shanga. Ya transista ilikuwa baridi kidogo, lakini safi, na muuzaji alisema haitasumbua kwenye inveta umeme ukikatika. Nikaichagua. Mpaka leo sina hakika kama masikio yangu yalikuwa sahihi, au nilichagua tu kwa sababu ni nyepesi kubeba ngazi zetu.

Kwenye bafle hakuna wa kulaumu ila mimi. Muuzaji aliuliza ukumbi wetu una ukubwa gani. Nikamwambia ni mkubwa. Ni ghorofa moja juu ya duka la matairi, na dari unaigusa kwa ufagio, lakini mimi nilikuwa nimeshaiona ile bafle ya spika nne ukutani, ndefu hadi kifuani. Mke wangu alikaa kwenye kiti kirefu, mkoba mapajani, akasema, "Ni kubwa, Papa."

"Ni ya Mungu," mpiga kinanda akamjibu kabla yangu.

"Mungu naye si kiziwi."

Tukaichukua hata hivyo. Duka liliruhusu kurudisha kama haifai.

Jumamosi kwenye mazoezi akina mama waliizunguka. Rais wa kwaya, mama anayeshona na mimi meza moja, aliipigapiga kama ng'ombe wa kununua. "Eish, sasa tuko na bafle ya stade, ya uwanja mzima wa mpira. Wale wa kanisa ya kule chini barabarani watahama." Kisha akamgeukia mke wangu akamwambia aanzishe wimbo wake, ule aliokuwa akiuongoza zamani. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alidhani mashine mpya inaleta baraka mpya.

Mke wangu akajitokeza mbele, akashika maikrofoni. Mimi nilikuwa kwenye nafasi yangu ya kawaida, bafle nyuma ya miguu yangu, na kwa masikio yangu gitaa lilikuwa dogo. Nikaongeza. Bado dogo. Nikaongeza tena. Midomo yake nilikuwa naiona upande. Halafu nikaona imefungwa. Akaweka maikrofoni kwenye kiti, akaenda kukaa nyuma kabisa, mahali pa wageni.

"Umemuzika, kaka," mpiga kinanda akasema.

Niliumia, nikataka kumkumbusha kwamba na yeye alishabikia ile bafle. Lakini alikuwa amesema kweli. Nikampa gitaa langu, anajua kidogo, nikamwambia apige palepale niliposimama bila kugusa chochote. Nikaenda kusimama alipokuwa amesimama mke wangu.

Sauti ilinipiga mgongoni na kisogoni. Sikusikia hata nilipokohoa. Ndipo nikaelewa jambo ambalo pengine wengine wanalijua tangu zamani: bafle ilikuwa inapigia miguu na kiuno changu, na kiuno hakina masikio. Mimi niliyekuwa karibu sikusikia, nikaongeza, na kila nilichoongeza kilikwenda kumwangukia yeye. Nikajiuliza ni Jumapili ngapi nilimzika hivyo, hata na ile amplifaya kuukuu.

Kuirudisha haikuwa rahisi. Rais wa kwaya alisema watu wataona tumefilisika. Nikamwambia aseme ni kosa langu, na akasema atasema hivyo, na alisema.

Mke wangu hakutaka kuja tena dukani. Nilimwomba. Nilimwambia mimi sichagui tena, masikio yangu siyaamini. Akafunga kitambaa kichwani, akaja.

Muuzaji tulimweleza habari yote. Akaleta bafle ya spika moja, ndogo kama friji ya hotelini, akailaza kidogo juu ya kreti ili itazame juu, kwenye masikio yangu. Akatuonya kwamba kwa spika moja amplifaya ile itatoa nguvu pungufu. Nikasema pungufu ndiyo tunayoitafuta. Mke wangu alikwenda kusimama mbele, akatupa mgongo, akaanza kuimba chinichini. Nikapiga. Tulikubaliana ainue mkono asipoisikia sauti yake. Aliinua mkono kwa ya kwanza. Muuzaji akaleta nyingine, ya saizi ileile, spika tofauti, isiyo na ukali mwingi huko juu. Nikapiga, nikangoja mkono. Nikapiga wimbo mzima. Haukuinuka. Mimi nami nilikuwa nalisikia gitaa langu vizuri, na lilikuwa chini kuliko nilivyowahi kulipiga mbele za watu.

Jumapili alijitokeza mbele bila kuambiwa na mtu. Sauti yake haikuwa ile ya zamani, na sitaandika kwamba ilikuwa. Ilikuwa ndogo, na kwenye ubeti wa pili ilikatika kabisa. Lakini niliisikia ikikatika. Nikaacha kupiga pale, nikamngoja, akavuta pumzi na kuiokota. Nyuma yake akina mama walimshika kwa sauti zao. Kisha akaniita. Zamani alikuwa anaita kwa kelele; safari hii alinyoosha kidole tu, bila kugeuka, na vidole vyangu havikuchelewa. Bibi mmoja aliniambia mlangoni kwamba hii bafle mpya ni ndogo mno kwa kanisa. Nikamwambia ni kweli, Mama.

Ninawashukuru wote, hata aliyecheka. Njiani kwenda nyumbani, ndani ya baki, mke wangu alikuwa anakunywa maji yake ya vuguvugu.

"Jumapili ijayo," akasema, "kile kitufe cha mwisho cha amplifaya, cha ukali, ukishushe kidogo. Bado kinanikuna sikio."

Nikamwambia nitakishusha.