Kasa Mwenye Shati

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Darubini. Miaka kumi na tisa alisimama sitaha ya mbele ya meli ndogo ya watalii, akiwaonyesha pomboo, kasa na nguva kabla hawajamaliza kufungua mifuko ya kamera. Mimi ni mpishi wa meli hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeniombea kazi, na alinikumbusha kila nilipozidisha chumvi.

Kisha macho yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, daktari alisema, tena yote mawili.

"Usimwambie mtu, hata dada yako," aliniambia. "Mwonyeshaji asiyeona watampa kazi gani, kuhesabu mawimbi?"

Nilicheka, na kwa kucheka nikawa nimekubali. Basi kila asubuhi nikawa natoka jikoni na trei ya chai, nasimama ubavuni mwake, namnong'oneza: pomboo watatu, kulia. Yeye anapaza sauti, wageni wanapiga makofi. Tulijiona wajanja.

Asubuhi ile sinki la jikoni liliziba. Nilikuwa nimepiga magoti nachokonoa bomba niliposikia akiita bila mimi: "Kasa! Kushoto! Kimya jamani!" Nahodha akazima injini. Ndiyo sheria yetu: mnyama akionekana, meli inasimama mbali, hakuna kumsogelea, hakuna kelele. Nilifurahi, naapa. Nikajua leo amejitegemea.

Nilipotoka, mikono imejaa uchafu wa bomba, wageni walikuwa wamejipanga ukingoni. Jua lilimulika maji hadi yakaumiza macho. Mbali kulikuwa na kitu cheusi, kinainua pezi, kinashusha. Hakuna aliyetia shaka. Darubini akisema kasa, ni kasa. Zilipita dakika nne, tano. Bibi mmoja mwenye lenzi ndefu akaishusha kamera yake.

"Mbona kasa wenu amevaa shati?"

Lilikuwa dumu jeusi, na mtu amelikumbatia, anapunga mkono. Kama aliita, hatukumsikia. Alikuwa ametuona tumesimama, na bila shaka aliona hatumfuati. Tukiwa bado tunashusha boti ya pembeni, akaliachia dumu, akaanza kuogelea kuja kwetu.

Dumu tulilipata. Yeye hatukumpata.

Wenye meli walimwandikia shemeji barua ya pongezi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona marehemu. Nilimsomea mimi. Aliikunja, akanishika mkono, tukaenda hadi kwa nahodha.

"Mimi sioni," akasema. "Mwaka wa pili huu."

Nahodha akauliza: "Na nani alikuwa anakusaidia?"

Shemeji akageuza uso kunitafuta, akakosea kidogo, akawa anautazama mlango. Akangoja. Nilijua ananipa nafasi. Sikuichukua.

"Hakuna," akasema. "Peke yangu."

Alishushwa bandarini siku hiyohiyo na begi lake. Kesho yake nilikaanga mayai ya wageni kama kawaida.