Jezi za Timu ya Mume Wangu Zinafuliwa na Nani?

Sasa hivi, kabla sijashika hii simu, mtoto wangu ameokota fulana ya mpira ya baba yake, ile ya zamani anayolalia, akaitandaza kitandani. Akaingiza mikono yake ndani, akakunja chini, akageuza ile namba ya mgongoni ikae juu, halafu akaipigapiga kwa kiganja kama anabembeleza kitoto. Akaniambia, "Tayari, Mama." Ana miaka mitatu. Mimi sikunji nguo hivyo. Baba yake hakunji nguo kabisa. Nikaona leo niwaandikie.

Admin wa kundi, nakuomba unifiche jina. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, Mkongomani, niko hapa Durban. Shule niliachia njiani, kwa hiyo mnisamehe maandishi. Nasuka nywele kwenye saluni huku Greyville. Baba ya mtoto anafanya kazi bandarini na Jumamosi anacheza mpira na timu ya ndugu zetu, Wakongomani na Warundi. Si ligi ya kuonyeshwa kwa televisheni, ni mpira wa mtaa tu, lakini kwao ni kitu kikubwa sana. Tunaishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Jumapili hii inayokuja pasta atatangaza majina yetu mbele ya watu, na mimi hiyo siku nimeiombea tangu mtoto azaliwe.

Jumamosi saluni inajaa, kwa hiyo sijawahi kumuona akicheza. Anaenda na mtoto ili mimi nifanye kazi vizuri. Nilikuwa nawasifia wenzangu, jamani, mnaona mwanaume anayebeba mtoto? Basi Jumamosi iliyopita mwenye saluni akafunga, alikuwa na harusi ya ndugu yake. Nikamwambia mume wangu leo tunaenda wote. Akasema, "Kule iko jua kali, utachoka." Nikasema nitachoka nikiwa nimekaa.

Uwanja uko upande wa Sydenham. Wanawake wanakaa kwenye majani, na midomo yao, eish, refa alikuwa anateseka. Mama mmoja Mrundi alimwambia, "Refa, macho umeyasahau kwa taxi? Rudi uyachukue, tutakungoja." Nilicheka mpaka nikasahau aibu yangu ya ugeni. Akanipa karanga, akaniuliza, "Na wewe, mama, uko wa nani?"

Nikasema, "Mimi niko bibi ya namba nane."

Karanga zikaacha kutafunwa. Mmoja akauliza, "Namba nane huyu wetu?" Mwenzake akamfinya paja, nikaona. Yule Mrundi ndiye aliyejaribu kufunika. Akanieleza kwamba pale jezi za timu zinafuliwa na wanawake wa wachezaji, kwa zamu, gunia linatoka nyumba hii linaenda nyumba ile. "Na zamu ya namba nane ndiyo jezi zinanukia kabisa," akasema, halafu akajishika mdomo.

Wapenzi, gunia la jezi halijawahi kuingia nyumbani kwangu. Hata siku moja.

Sijamaliza kuwaza, akaja dada mmoja mrefu, kitambaa cha kijani kichwani. Mtoto wangu akachomoka mapajani kwangu akakimbia kwake. Hakuitwa. Alifika akafungua mwenyewe mkoba wa yule dada, akatoa chungwa, akampa ammenyee. Yule dada akanisalimia na macho chini, "Karibu, dada. Mimi nasaidiaka timu tu." Watu waliokuwa wanamtukana refa wote wakawa wanaangalia mpira.

Kipindi cha pili mume wangu akafunga goli. Akaja mbio kwetu, mikono wazi, anacheka. Aliponiona nimekaa karibu na yule dada, akasimama, akainama kufunga kamba ya kiatu. Ile kamba ilikuwa imefungwa.

Kurudi, kwenye taxi, akaanza mwenyewe: "Yule ni dada wa kanisa ya kapiteni. Hana mtu huku, tunamuachia kufua ili ajisikie yuko na ndugu." Sikuwa nimemuuliza.

Nilitaka kuamini. Huyu mwanaume anamuogesha mtoto, hajawahi kuninyanyulia mkono, na mtu mpweke kusaidiwa si dhambi. Wiki nzima nimejiambia hivyo. Lakini pale uwanjani niliona jezi zinavyotoka kwenye gunia, mikono ndani, namba juu, kila mtu achukue yake upesi. Baada ya mechi zinarudishwa chafu, zimebanwa tu. Hakuna anayezikunja uwanjani. Zinakunjwa nyumbani kwa aliyezifua, zikishakauka. Sasa mtoto wangu aliona wapi jezi zikikunjwa?

Nikimuuliza na kumbe ni kweli alivyosema, nitakuwa nimeharibu ndoa yangu kwa wivu kabla haijatangazwa. Nikinyamaza, Jumapili nitasimama mbele ya kanisa na wale wanawake wa karanga wakiniangalia, maana timu yote imealikwa. Nyinyi mliokaa mbali mnaona vizuri kuliko mimi niliye ndani. Mwenye neno la busara anipe, hata likiwa chungu.

Ngojeni. Amerudi mazoezini, ananiita kutoka mlangoni. "Mama mtoto, kuya unipokee. Nimeleta gunia ya jezi. Leo ni zamu yetu."

Zamu yetu. Jamani, moyo umeruka na sijui ni kwa furaha ao kwa woga. Labda amelichukua kwa yule dada ili sasa likae kwangu. Labda ananifunga macho tu mpaka Jumapili ipite. Mtoto ameshakimbia, anavuta kamba ya gunia. Anaita tena. Niambieni haraka, nilipokee nifue, ao nimuulize kwanza, hapo hapo mlangoni, ni nani alimfundisha mtoto wetu kukunja jezi?