Surround zangu ziko korido mpaka leo, na sababu ni hii

Wakuu, amani iwe kwenu.

Naona humu nyuzi nyingi za watu wanaouliza wanunue receiver gani na spika gani za surround. Watts, ohms, chaneli ngapi, mnagombana vizuri kabisa. Mimi nina kisa changu cha Bujumbura, wakati wa vita. Sitii chumvi, maana mke wangu naye anasoma humu na atanisuta.

Vita ilikuwa inaelekea mwishoni, ingawa wakati ule hakuna aliyejua. Nakaa Buyenzi, kazi yangu ni fundi wa magari. Mama yangu alikuwa anaishi Cibitoke. Nyumba yake ikaenda na vita, akaja kwangu na mkeka na nguo za mwilini.

Mkeka ule akautandika korido.

Waliokuwa Buja miaka ile wananielewa. Risasi huingilia dirishani, na korido haina dirisha. Sote tulilala huko mara nyingi sana. Ila sisi asubuhi tulitoka. Mama hakutoka. Alikula huko, akaswali huko, wageni aliwapokea huko huko. Mtoto wangu mdogo alidhani kila bibi anaishi korido.

Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Jibu lilikuwa moja tu: "Apana, mwanangu. Mi niko bien hapa, niko muzuri."

Iliniuma sana. Mama yuko hai, yuko nyumbani kwangu, na bado hatuko naye.

Sasa, kabla ya vita mama alikuwa na ugonjwa mmoja: filamu za Kihindi. Kihindi hajui hata neno, lakini nyimbo alizifuata mpaka mwisho.

Siku moja nilipanda mlimani Kiriri kutengeneza gari la mteja. Akanikaribisha ndani, akawasha home theater yake. Nikasikia mvua inanyesha nyuma ya kisogo changu, na nje jua kali. Nikajisemea, hiki ndicho kitakachomtoa mama korido.

Nikaanza kujichanga. Pesa zilipotosha nikateremka Quartier Asiatique, kwenye duka la mzee tuliyemwita Baba Zuhura. Wateja walikuwa wengi. Akaweka DVD ya majaribio, filamu ya vita, kama wauzaji wote wanavyopenda. Bomu la kwanza lilipolia kwenye caisson, yaani lile boksi la bass, duka zima tukainama chini. Mwenye duka naye.

Tulipoinuka tukatazamana, tukacheka mpaka machozi. Buja ya wakati ule ilikuwa hivyo.

Baba Zuhura akazima, akaniuliza: "Iyi ampli ni ya nani mu nyumba?"

Ampli ndiyo hiyo receiver, kwetu tunaiita hivyo. Nikamwambia ni ya mama, na mama ni mutu wa kuogopa sana sauti.

"Basi caisson iache hapa kwangu," akasema. "Chukua spika tano na stabilisateur ya kutuliza umeme, sababu courant ya hapa itakuchomea ampli. Caisson utakuja kubeba siku ingine, vita ikiisha."

Mfanyabiashara anayekukataza kununua, huyo mwombee dua.

Nyumbani nikaweka center, spika ya katikati, chini ya TV, na mbili za mbele kila moja na upande wake. Zikabaki mbili za surround. Nikawaza, mama siku ya kwanza hatakuja, basi nimpelekee sauti kule kule. Nikavuta waya mpaka korido, nikazitundika juu ya mkeka wake. Mnaojua mmeshaanza kucheka. Mimi nilidhani kila spika inasema maneno yale yale.

Jumapili mchana, umeme upo, nikaweka filamu ya Kihindi. Wimbo ukaanza, wa kwenye mvua kama kawaida yao. Mara nikasikia kutoka korido:

"Baba Idi."

"Naam, mama."

"Uku kwangu nasikia mvua na vinanda tu. Mwenye kuimba iko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Sauti za watu zinatoka mbele. Surround wamepewa mvua, upepo na mwangwi. Nikasimama nikahamishe waya, nikaombe radhi. Mke wangu akanifinya.

"Iko uku ku salon, mama," mke wangu akajibu kutoka sebuleni.

"Mwambie akuje uku."

"Apana, mama, hawezi. Ni weye utakuja."

Wimbo ukaendelea. Kisha tukasikia mkeka unachakacha.

Mama alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alitazama dirisha kwanza, kisha TV. Mke wangu akasogeza kiti hadi karibu na mlango. Mama akakaa ukingoni mwa kiti, baadaye akakaa vizuri, akaanza kufuatisha wimbo. Wakuu, mimi mtu mzima nililia, na sikujificha.

Katikati ya filamu mvua ikarudi, ikinyesha korido, nyuma yake. Mama akashtuka. Akageuka, akautazama mkeka wake.

"Kule kumebaki nani?"

"Hakuna mutu, mama. Ni mvua tu."

"Basi iache inyeshe," akasema, akageukia TV.

Sisemi alipona siku ile. Risasi zikilia alirudi mkekani, nasi tukamfuata. Lakini mchana alikuwa wetu, kitini, akigombana na wajukuu. Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu kwa kunifinya, na Baba Zuhura, ambaye baadaye mama mwenyewe alienda dukani kumsalimia.

Nililojifunza: nunua stabilisateur kabla ya yote, na kabla ya kuuliza watts, uliza nani atasikiliza.

Mama amepumzika sasa. Ampli ile ilishakufa, niko na nyingine. Najua wataalamu mtaniambia surround hazikai korido. Semeni tu, na wenye visa vyao walete, nitasoma yote. Ila zile mbili siziondoi.