Mamba-muntu Bila Sahihi

Siku ya kwanza kuingia kazini kwa Patron, mchoraji wetu mkubwa hapa Likasi, hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitupia kiroba cha unga kitupu: "Weye, vuta iyi nguo. Ikilegea, unarudia kwenu."

Nilivuta. Kiroba kinafuliwa, kinafumuliwa, kinapigiliwa misumari kwenye shasi, ile fremu ya mbao, kisha kinapakwa wanga wa muhogo kisinywe rangi. Kazi hiyo imenilisha mpaka uzee. Wasomi wanaandika kwamba Patron alianza na turubai. Alianza na viroba, na mikono yangu.

Wakati ule alichora mamba-muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ameketi kando ya maji ya ziwa Tshangalele. Kila nyumba ya mfanyakazi wa mgodi ilimtaka ukutani. Patron alimchora yuleyule, nywele zilezile, bila aibu. Ukipenda picha ya jirani, unachorewa nawe. Picha za mtaani hakuzitia sahihi, maana mkono wake tuliujua. Sahihi ilikuwa ya picha za wageni.

Halafu akaja mnunuzi kutoka Ulaya, tukamwita Monsieur. Alichukua mamba-muntu mmoja, akasema kila picha lazima iwe moja tu duniani. Patron akajibu "Oui, oui" upesi mno. Hapo nikaanza kumwangalia vizuri. Mtu anayekubali kabla hujamaliza kusema ana kitu anachokiogopa.

Siku moja gari la Monsieur likakwama mbele ya nyumba yangu. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akamkaribisha ndani anywe maji. Akainua macho, akamwona mamba-muntu yuleyule ukutani. Patron alikuwa amenipa picha hiyo siku ya ndoa yangu. Monsieur akanikokota mpaka kazini kwa Patron.

"Fundi wako anaiga kazi yako!"

"Patron, sema basi," nikamwambia. "Ni weye ulinipa."

Patron alikuwa akifuta brashi iliyokwisha kuwa safi. "Miye sijui ile picha."

Toka hapo majirani wenye picha zisizo na sahihi wakaanza kunitazama upande: kumbe zetu alichora huyu? Jina langu likaoza. Lakini Patron hakunifukuza. Ndipo nilipozidi kumshuku: nani anamfuga mwizi wake?

Akaacha mamba-muntu. Akaingia kwenye mabaka ya kijani ya mawe ya mgodi, bila uso, bila mtu. Wasomi wanasema hapo alikomaa. Mimi nasema alitafuta picha ambayo jirani yeyote asingeomba kuchorewa.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mkubwa mwenye jina, msimpime kwa kazi yake. Mpimeni siku anapoulizwa neno mbele ya watu.

Nilipokwisha kustaafu, alikuja kwangu na fimbo, na kopo dogo la rangi nyeusi. "Leta ile mamba-muntu, Mzee. Nitie sahihi. Itasaidia watoto wako."

"Sahihi ya nani?" bibi yangu akadakia. "Ya ule alisema hajui ile picha?"

Sikumwamini hata hapo. Labda Monsieur amekufa, labda Patron sasa anataka kuihesabu kuwa yake. Nikamwambia: "Patron, majirani wako inje. Sema kule kwanza ni weye ulichora. Ndipo utie sahihi."

Aliutazama mlango. Akaomba maji, akanywa, akafunga kopo lake, akaenda zake.

Picha iko ukutani, haina sahihi. Anayesema niliichora mimi aje aseme hapa, mbele ya bibi yangu.