Kompyuta Zilizopewa Majina ya Watoto

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa mbili juu ya maduka, upande wa Kariokor, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kompyuta kumi na saba zinaonana. Nilitoka mtaa wa Ziwani kila asubuhi kwa miguu, na kabla sijakalia kiti simu ilikuwa inalia: mashine ya fulani imepotea. Napanda ngazi, nashuka ngazi. Kufikia mwaka wa tatu, magoti yangu yalizijua ngazi zile kuliko macho.

Kosa la majina lilikuwa langu. Nilipounganisha mashine mara ya kwanza, kila moja ilihitaji jina, nami nikawaachia wenzangu wachague. Pale ofisini, kama mitaani kwetu, mtu mwenye mtoto hakuitwa jina lake. Alikuwa mama fulani au baba fulani, kwa jina la kifungua mimba wake. Basi wote, kuanzia karani wa masjala hadi msimamizi wa madereva, wakanipa majina ya watoto. Niliona ni jambo zuri, rahisi kukumbuka.

Nieleze kidogo, maana si gumu hata kidogo. Windows ya siku zile, programu iliyoendesha kompyuta zetu, ilitafuta mashine kama mgeni anavyomtafuta mtu Ziwani. Mgeni hajui nambari ya nyumba. Anasimama penye mfereji na kuuliza mama fulani anakaa wapi. Mwenyewe akisikia anaitika, na hapo ndipo mgeni anapoijua nambari. Mashine ziliulizana vivyo hivyo kwenye waya. Sharti lilikuwa moja tu: mashine mbili zisiitikie jina moja.

Utani ulianza siku hiyo hiyo. Mashine ikikwama, mwenyewe aliambiwa, "Mtoto wako amelala tena, mwamshe aende shule."

Kisha karani wa masjala, mama mpole kutoka Ukambani, akafiwa na binti yake wa kwanza. Malaria ilimpata shuleni, kidato cha pili. Mama aliporudi kazini baada ya mazishi, hakuna aliyejua amwiteje. Wakamwita "mama" tu, halafu wakaanza kumpita kimya. Lakini kila aliyetaka faili kutoka masjala bado alibonyeza jina la msichana yule kwenye skrini yake.

Baada ya miezi kadhaa akaajiriwa karani wa stoo, kijana wa magharibi mwenye mtoto mmoja. Niliandika jina la mtoto wake kwenye mashine yake, nayo ikakataa kuingia mtandaoni: jina hilo lilikuwa na mwenyewe tayari. Lilikuwa lile la mashine ya masjala. Mkubwa wetu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hii ni ofisi, si kliniki ya watoto," alisema. Akataka kila mashine iitwe kwa ghorofa na nambari kabla ya Ijumaa. Alikuwa na haki. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Alhamisi jioni nilifika masjala, mashine ya mwisho. Nilitaka kumaliza niende nyumbani. Mama alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kibodi.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo walivyoniita kwa maelezo yangu marefu, "hapo tu ndipo bado anaitwa."

Nikavuta kiti. Nilimweleza polepole kwamba jina linaloonekana na wote lazima libadilike, mkubwa ataliangalia. Lakini ndani ya mashine kuna faili dogo la maandishi, orodha ya majina na nambari zake. Naweza kuliandika humo jina la zamani, mkabala na nambari ya mashine hii hii. Halitaonekana kwenye orodha ya ofisi, ila akiliita yeye, atajibiwa.

Akaondoa mikono.

Nilipomaliza nilimfungulia kidirisha cheusi na kumwonyesha amri ya kuita. Mama huyu alipiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama, lakini jina lile aliliandika kwa kidole kimoja. Mashine ikaitika: majibu manne yakashuka, mstari kwa mstari. Akayasoma yote.

Wiki nyingi zikapita. Siku moja nilipanga upya nambari za mashine za ghorofa ya pili, masjala ikiwemo, kazi ya kutwa nzima, na nikiwa nakusanya vitu vyangu simu ikalia. Wengine hupiga kulalamika. Yeye alinong'ona.

"Mwalimu, leo hajibu."

Nilielewa papo hapo. Faili lile halijirekebishi. Lilikuwa bado linaita nambari ya zamani, na huko hapakuwa na mtu. Nilimwambia ni mimi niliyesahau, asiwe na wasiwasi, asizime mashine. Nikaweka mkoba chini, nikapanda ngazi.