Nani Anatoboa Shuka za Mama Clotilde?

Mwaka wa sitini na moja, shuka za mama yangu zilianza kutoboka zenyewe.

Si panya. Si pasi. Vitundu vidogovidogo tu, leo kwenye shuka, kesho kwenye blanketi ya Bijou, dada yangu, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Halafu Bijou akaanza kukohoa.

Mama, jina lake Clotilde, hakutafuta mbali. Ni Léonie!

Léonie alikuwa jirani wa ukuta mmoja, pale mtaa wa Katuba. Sisi watu wa Kasai, yeye mwenyeji, na kaka yake jandarme, askari wa Katanga. Katanga ilikuwa imejitenga na nchi nzima, sisi tukaonwa maadui, na Mkasai wa Lubumbashi alimsalimia mtu huku akiangalia mikono yake. Wengi wetu walishakimbilia kambi ya ONU, ya Umoja wa Mataifa.

Baba, Casimir, alikataa kukimbia. Aliendesha lori la tajiri mmoja, Kambove kwenda na kurudi, na lori hilo ndilo lililotulisha. Askari walikuwa wanajibebea gari lolote linalowaka, kwa hiyo kila jioni aling'oa batri, akaja nayo nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda walicholala na Bijou na kuiunga kwenye chaja, maana ilikuwa imezeeka. Ikalia mmmm mpaka asubuhi.

"Bantu basiyione," alisema.

Siku moja Léonie akaleta maji ya majani, ya kikohozi cha mtoto. Mama akapokea kwa meno yote nje, akaenda kuyamwaga nyuma ya choo.

"Ule muke anatuloga," akamwambia baba. "Bulozi yake inapita mu dirisha."

Baba alitaka kulala tu. "Basi tufunge."

Akapigilia mbao na misumari. Mama akaziba nyufa kwa matambara.

Bijou akazidiwa! Kifua kikapiga filimbi, macho mekundu kama pilipili. Nyumba ikanuka mayai yaliyooza. Mama akasema, mnaona? Uchawi umekasirika kufungiwa nje.

Jumamosi moja njia ya Kambove ilifungwa, baba akabaki nyumbani, na batri ikashinda kwenye chaja mchana kutwa. Mama alikuwa na Bijou mapajani, mtoto anavuta pumzi kwa taabu, midomo imegeuka majivu. Mama alijua anampoteza.

Mlango ukapigwa teke.

Jandarme wawili. Nyuma yao Léonie, mikono kiunoni.

"Ni hawa! Minasikia mashini inalia kila siku. Beko na radio, banaongea na ONU. Na sasa banafunga dirisha na misumari!"

Mama hakushangaa hata chembe. Alimtukana kwa Tshiluba, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo alichokuwa nacho.

Ndani giza. Jandarme mmoja akasikia ule mlio, akapiga magoti kando ya kitanda, akatoa kiberiti.

Baba akaruka akamshika mkono.

"Chef, hapana moto! Ile gazi itatupasua shiye bote!"

Akala kitako cha bunduki usoni. Lakini kiberiti hakikuwaka. Walivunja dirisha wapate mwanga, wakavuta kitanda, na batri hiyo hapo, inatokota, inarusha asidi yake mpaka kwenye godoro. Ndiyo iliyokuwa inatoboa shuka.

Waliibeba, wakaenda zao. Léonie akabaki mlangoni, macho yakitafuta ile radio.

Hewa ikaingia. Bijou akakohoa, akavuta pumzi, akalia kwa nguvu zake zote. Mama naye akalia. Kisha akamgeukia baba.

"Ulijua?"

"Ya moto nilijua. Ku garaje balitukataza hata sigara karibu na batri. Ya kifua sikujua, Clotilde. Kweli."

"Na unaiweka chini ya mutoto wako."

Baba akaanza kung'oa mbao zilizobaki dirishani.

Naandika haya kwa sababu naona vijana wetu wanalala na batri za pikipiki za umeme chumbani, eti wezi. Jamani! Zichajini penye hewa, mbali na kitanda, mbali na moto, mtu akiwa macho. Ikipata joto sana au ikinuka, msiisogelee: zimeni umeme kwenye swichi kuu, tokeni na watoto. Mnamchunga jirani bure, na hatari mmeiunga wenyewe kwenye ukuta.

Mama alimsamehe Léonie vita vilipoisha. Baba alingoja zaidi kusamehewa.